Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: kazi tuliyoifanya majumbani iandikwe

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu,
Jumba la Jogoo, Nairobi.

KUH: MZIGO WA KAZI WA WAHADHIRI TANGU VYUO VIKUU VIFUNGWE MWAKA 2020

Mheshimiwa Waziri, pokea salamu kutoka Mombasa.

Kila muhula unapoanza, katibu wa idara yetu hunipa karatasi niijaze. Ina safu nne: msimbo wa kozi, jina la kozi, idadi ya wanafunzi na saa za darasani kwa wiki. Chini pana nafasi ya sahihi yangu na ya mwenyekiti wa idara. Karatasi hiyo ndiyo inayosema nafanya kazi kiasi gani. Ndiyo hutumiwa kuamua kama idara inastahili kuongezewa mhadhiri, kama nina haki ya malipo ya ziada, na nikiomba kupandishwa cheo ndiyo huwekwa mezani. Niliijaza mwaka 2019, nikaijaza 2020 na 2021, na ya muhula huu nimeikabidhi juzi. Haijaongezwa wala kupunguzwa safu. Mtu akizipanga karatasi zangu zote kwa tarehe, hataona dalili yoyote kwamba kati ya ile ya 2019 na ile ya 2021 ulipita ugonjwa wa korona ulioifunga nchi.

Hilo ndilo lililonifanya nikuandikie. Mimi ni mhadhiri wa elimu katika chuo kikuu cha umma hapa Pwani. Kazi yangu ni kuwaandaa walimu wa shule za upili. Chuo sikitaji, kwa sababu haya ninayoyasema angeweza kuyasema mhadhiri wa Eldoret, wa Kisumu au wa Garissa na yasipungue neno.

Kumbukumbu za serikali unazo, kwa hivyo nitapita haraka. Tarehe 13 Machi 2020 aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaagiza shule zifungwe, na vyuo vikuu navyo viwe vimefungwa ifikapo Ijumaa tarehe 20. Tarehe 27 ikaanza kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Siku hiyo ya kwanza abiria waliokuwa wakisubiri feri Likoni walipigwa virungu na kurushiwa vitoza machozi kabla saa moja haijafika. Kuanzia tarehe 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikawa hakuna kuingia wala kutoka. Sisi wa Mji wa Kale tuliongezewa kufuli la pili: tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, mtaa wetu ulifungwa siku ileile na Eastleigh ya Nairobi, tukasherehekea Idi ndani kwa ndani, na kizuizi hakikuondolewa hadi Juni. Kilifi na Kwale zilifunguliwa Juni hiyohiyo, na Mombasa yenyewe tarehe 7 Julai.

Watu wakisikia vyuo vilifungwa, hudhani wahadhiri walilala. Kilichofungwa ni lango. Chuo kilihamia sebuleni kwangu, Kibokoni, na kodi ya sebule nikaendelea kuilipa mimi.

Waraka ulikuja kwa barua pepe, nao haukujaza hata nusu ya ukurasa. Masomo yataendelea mtandaoni. Wahadhiri wapakie mihadhara kwenye mfumo wa chuo. Mahudhurio yatumwe kila Ijumaa. Basi. Haukusema mihadhara ipakiwe kwa kifaa cha nani, kwa bando la nani, wala nani atamfundisha mtu aliyezoea chaki namna ya kuutumia huo mfumo. Tulikuwa na mtaalamu mmoja wa tarakilishi kwa kitivo kizima, kijana mwungwana kabisa, lakini naye alikuwa amekwama kwao ng'ambo ya kizuizi cha polisi na simu yake ilikuwa haishikiki kwa wingi wa wanaompigia. Kwa hiyo nikajifundisha. Nikajua kurekodi, nikajua kukata, nikajua kuipunguza video ukubwa mpaka mwanafunzi aliyeko Hola aweze kuifungua bila kumaliza bando la wiki. Kabla ya Machi hiyo ilikuwa kazi ya mtu mwingine mwenye mshahara wake na meza yake. Kutoka hapo ikawa yangu, na hakuna aliyenipa barua ya uteuzi.

Mfumo wenyewe nao ulikuwa na jina zuri na nywila zisizokubali. Wanafunzi hawakungoja utengenezwe. Walifungua kundi la WhatsApp, wakaniingiza, na tangu siku hiyo chuo kikuu kwangu kilikuwa pale. Nilitoa mihadhara kwa vipande vya sauti vya dakika tano tano, kisha nikapiga picha maelezo niliyoyaandika kwa mkono na kuyatuma. Kwa vile bando la usiku ndilo lenye nafuu, darasa nalo likahamia usiku. Ramadhani tulikubaliana tuanze saa tisa na nusu, baada ya daku, tusome mpaka adhana ya alfajiri. Niliwahurumia wasiofunga, nikapendekeza wapewe saa yao. Mmoja wa Voi akaandika, "Shikamoo mwalimu. Sisi huamka saa hizo kukama ng'ombe, wewe endelea tu." Nikaendelea.

Faida ya WhatsApp ni kwamba mwanafunzi anakufikia. Hasara yake ni hiyohiyo. Ofisini nilikuwa na saa za kuwaona wanafunzi, Jumanne na Alhamisi, zimeandikwa mlangoni. Simu haina mlango. Saa nne usiku anaingia msichana anayetaka kuahirisha masomo kwa sababu babake alikuwa mpishi katika hoteli ya Diani, hoteli imefungwa, na sasa nyumbani panazungumzwa habari ya posa. Saa tano anaingia mvulana ambaye anauliza swali la saikolojia ya elimu, lakini ukimsoma vizuri unaona haulizi kwa ajili ya mtihani. Chuo kina ofisi ya ushauri nasaha, na ofisi hiyo ilikuwa imefungwa pamoja na lango. Nilizungumza nao. Huyo msichana nilizungumza pia na mamake, mara kadhaa, kwa salio langu. Leo ni mwalimu wa shule ya sekondari. Lakini kwenye ile karatasi ya safu nne, Mheshimiwa, saa hizo ni sufuri, na mtu wa rasilimali watu akiisoma ataona nilikuwa na nafasi ya kutosha kuongezewa kozi. Ndivyo walivyoona: muhula uliofuata niliongezewa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa kweli lilinielemea kuliko mengine. Katika kitivo chetu mimi pia ni mratibu wa mazoezi ya kufundisha. Mwanafunzi wa ualimu hamalizi shahada bila kwenda shuleni muhula mzima, akafundisha watoto halisi mbele ya mkaguzi. Sisi huwapeleka muhula wa pili wa shule, kuanzia Mei. Mwaka ule hapakuwa na muhula wa pili. Julai, aliyekuwa Waziri, Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa shule wa 2020 umefutwa. Madarasa matatu, la nne, la nane na kidato cha nne, yalirudi tarehe 12 Oktoba. Watoto wengine walirejea Januari 2021. Kwa hiyo kundi zima la wanafunzi wangu lilikuwa limemaliza kozi zote na kubaki na deni la darasa ambalo halikuwepo popote nchini.

Tulifanya nini? Tuliwaambia wajizoeze nyumbani na wajirekodi, ili tuwape maoni wasije wakasahau kazi. Zikaanza kuingia video. Ninayo moja mpaka leo. Kijana wa Vanga, mpakani kabisa, mahali ambapo simu ikipenda hushika mtandao wa Tanzania na kumla salio lake lote, alikuwa amesimamisha mlango uliong'olewa bawaba dhidi ya mnazi. Kwenye mlango ameandika kwa mkaa: Ngeli ya U-I. Wanafunzi wake ni wadogo zake watatu na bibi yao, ambaye amekaa kwenye mkeka nyuma anachambua mchele. Anauliza mifano. Mdogo mmoja anasema mti, wa pili anasema mkono, bibi bila kuinua kichwa anasema mchele, hapohapo anaanza kubishana na mwalimu kama mchele una wingi au hauna. Kijana hakubabaika. Alimwacha bibi amalize hoja, akaigeuza kuwa sehemu ya somo, akawauliza wenzake wanaonaje. Fomu yangu ya ukaguzi ina kipengele cha "usimamizi wa darasa", alama kumi. Nilikaa na ile kalamu kitambo. Nilitaka kumpa zote kumi, lakini kwa kanuni video ile haikuwa mazoezi rasmi na alama zake hazingeingia popote.

Video kama hizo nilizitazama moja moja, zote, na kila moja nikaiandikia maoni. Hiyo ndiyo kazi ya mratibu, sikatai. Ninachosema ni kwamba uratibu huo haupunguzi hata saa moja ya ufundishaji wangu. Ni cheo kinachokuja na muhuri na faili, na kozi unabaki nazo zote.

Shule zilipofunguliwa Januari 2021 ikawa ni mafuriko. Waliokwama mwaka uliopita na walioufikia mwaka huo wakahitaji shule kwa wakati mmoja, na kalenda ya shule ilikuwa imebanwa kiasi kwamba mwaka mpya wa masomo ulianza Julai. Tuligawana njia: wengine Taita Taveta, wengine Lamu, mimi nikapewa Kwale na Kilifi. Asubuhi ukaguzi Kinango, jioni mtandaoni, kwa sababu wanafunzi wa mwaka wa pili walikuwa bado wanasoma kwa simu. Tasnifu za wanafunzi wa uzamili nilizisoma kwenye matatu, na utetezi mmoja niliusikiliza nikiwa chini ya mwembe wa shule ya wenyewe, barakoa kidevuni, mwalimu mkuu akiwanyamazisha watoto kwa ishara.

Nyumbani nilikuwa na watoto wawili. Mkubwa alikuwa mtahiniwa wa darasa la nane, akasubiri KCPE iliyofaa kufanywa Novemba hadi Machi ya mwaka uliofuata. Redio ya KBC ilikuwa na vipindi vya masomo vilivyoandaliwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, vizuri, lakini mtoto wa miaka kumi na tatu hawezi kuiuliza redio swali. Alikuwa akiniuliza mimi, na kipakatalishi kilikuwa kimoja. Mama yangu ana kisukari, tulikuwa tunaishi naye, kwa hiyo aliyetoka kwenda Marikiti alikuwa mtu mmoja na akirudi anaoga kabla ya kumsalimia mtu. Mtu huyo ni mimi. Haya ya nyumbani sikudai serikali iyalipe. Nayataja kwa sababu moja tu: kupandishwa cheo kwetu kunategemea makala za utafiti, na ukihesabu makala za 2020 na 2021 katika kitivo chetu utajua bila kuambiwa nyumba ya nani ilikuwa na mtu mwingine wa kupika. Wenzangu wa kiume wengine waliandika sana miezi ile. Hongera zao. Kamati ya vyeo haikuuliza kitu.

Hata mtaani sikuachwa. Mji wa Kale watu wengi walisita kujitokeza kupimwa, na maneno yalikuwa mengi barazani, hata baada ya baraza zenyewe kukatazwa. Mzee wa mtaa alinijia: "Mwalimu, wewe wanakusikiza, njoo useme nao." Nikaenda nikasema nao. Redio moja ya hapa Pwani ikaomba nitoe masomo ya Kiswahili kwa watoto, mara mbili kwa wiki, kwa simu. Nikatoa. Hayo niliyafanya kwa hiari, na yakitokea tena nitayafanya.

Najua kuna watakaosema, "Wewe ulikuwa na mshahara." Ni kweli, na haukukatika. Tena tangu Aprili 2020 kiwango cha juu cha kodi ya mapato kilishushwa kutoka asilimia 30 hadi 25, nikaiona tofauti kwenye hati ya malipo mpaka Desemba. Januari kikarudi palepale. Senti hizo zilikwenda kwenye bando. Wauguzi walihatarisha maisha, sisi hatukufika huko. Walimu wa shule za kibinafsi walikaa miezi hawana malipo, na wengine waliingia kwenye kuuza mboga. Mbele yao mimi sina la kulia, na ndiyo maana barua hii sikuiandika wakati ule. Ningeona haya.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye habari yake ni lazima uisikie, kwa kuwa yeye hana karatasi ya safu nne wala hati ya malipo. Ni mwenzangu, mhadhiri wa muda. Alikuwa akifundisha vyuo viwili, kimoja Mombasa na kingine upande wa Kilifi, akivuka daraja la Mtwapa kwa matatu karibu kila siku. Daraja lile ndilo mpaka wa kaunti hizo mbili, na Aprili polisi wakaweka kizuizi juu yake. Akabaki chumbani kwake Kisauni akifundisha vyuo vyote viwili kwa simu. Alimaliza muhula. Alitunga mitihani, akasahihisha, akawasilisha alama kwa wakati. Halafu akapeleka fomu ya madai.

Fomu ya madai ya mhadhiri wa muda, Mheshimiwa, huambatanishwa na karatasi za mahudhurio zilizotiwa sahihi na kiongozi wa darasa kila kipindi. Sahihi ya wino. Kiongozi wa darasa alikuwa kule Bura, na mwenzangu Kisauni, na baina yao vizuizi vya polisi. Alipeleka picha za skrini. Alipeleka orodha kutoka kwenye mfumo wenyewe, inayoonyesha siku na saa aliyoingia na aliyotoka. Ofisi ya fedha ikamjibu kwamba hizo si stakabadhi. Akaambiwa amtafute kiongozi wa darasa chuo kikifunguliwa. Chuo kilipofunguliwa kiongozi wa darasa alikuwa ameshahitimu. Chuo cha pili hakikumkatalia, kilimwambia asubiri, na bado anasubiri. Alama alizozitoa ziko kwenye vyeti vya watu ambao leo wameajiriwa. Chuo kilizikubali alama, kikakataa saa zilizozizaa.

Huyu bwana hana chama kinachomsemea ipasavyo. Sisi wenye ajira ya kudumu tuna UASU, na mwaka 2025 tuligoma wiki kadhaa mpaka Novemba ndipo fedha za mkataba wetu zikapatikana njia ya kulipwa. Lakini mkataba ule ulihusu kiasi cha mshahara. Haukugusa swali la kazi yenyewe ni ipi.

Na swali hilo halikuondoka na barakoa. Tulidhani mtandao ni mambo ya dharura, lakini vyuo viligundua kwamba ukiwa na kozi ya lazima yenye mamia ya wanafunzi na ukumbi usiowatosha, mtandao ni rahisi. Viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya mwaka 2014 vinataka mhadhiri mmoja kwa wanafunzi 15 katika fani za sanaa, na 18 katika sayansi ya jamii. Kundi langu la WhatsApp la kozi moja muhula huu lina wanafunzi kuliko mtaa ninaoishi. Kwenye karatasi ni saa tatu kwa wiki, sawa na kozi yenye wanafunzi ishirini wanaokaa mbele yangu. Maswali yao, kazi zao za nyumbani zinazosahihishwa kwenye skrini, rekodi ninazozirudia sauti ya pikipiki inapoingia, vyote vimo ndani ya hizo saa tatu.

Serikali yenyewe imekwisha kuamua kwamba kufundisha kwa mtandao ni kufundisha. Tarehe 3 Agosti 2023 Rais William Ruto alikipa mkataba Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kule Konza, ambacho msingi wake ni mtandao. Niliunga mkono, na bado naunga. Mtoto wa Vanga asiyeweza kulipa chumba Nairobi anastahili shahada. Sasa kama elimu ile ni halali na cheti chake ni halali, basi saa za anayeifundisha nazo ziwe halali, Konza na kwingineko. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini, na kila mfanyakazi malipo ya haki. Sijui malipo ya haki yatahesabiwaje ikiwa kazi yenyewe haijaandikwa.

Ninaloliomba kwanza liko mikononi mwa Tume, nawe ndiye waziri wake: viwango vya mzigo wa kazi virekebishwe ili kozi ya mtandaoni ihesabiwe kwa idadi ya wanafunzi na kwa maandalizi yake, pamoja na saa za kipindi. Mratibu wa mazoezi ya kufundisha, na mwingine yeyote mwenye wadhifa wa namna hiyo, apunguziwe kozi moja kwa maandishi, si kwa huruma ya mwenyekiti wa idara. Hilo halihitaji Hazina ya Taifa. Linahitaji safu mbili zaidi kwenye karatasi. Najua kwa nini vyuo vinaliogopa: safu hizo zikijazwa kwa ukweli zitaonyesha ni wahadhiri wangapi wanaokosekana. Ni afadhali tujue.

La vifaa ni dogo lakini linaudhi. Mtandao wa KENET, unaounganisha vyuo nchini, unafika chuoni vizuri sana, ila haunifikii Kibokoni saa tatu usiku ninapofundisha. Kila chuo cha umma kitenge fungu la bando na vifaa kwa anayepangiwa darasa la mtandaoni, liwemo kwenye bajeti kama chaki ilivyokuwemo.

La tatu ndilo la haraka, na kwa hilo nakuomba uweke tarehe. Viagize vyuo vikuu vyote vya umma vitoe orodha ya madai ya wahadhiri wa muda ya kuanzia Machi 2020 hadi mwisho wa 2021: aliyefundisha, kozi gani, ameshalipwa kiasi gani, bado anadai kiasi gani. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aipitie. Kumbukumbu za mifumo ya chuo zikubaliwe kuwa ushahidi, kwa sababu zina saa na dakika, jambo ambalo karatasi ya wino haijawahi kuwa nalo. Alama za mitihani zikubaliwe pia. Aliyesahihisha mitihani ya darasa zima hakuwa mahali pengine. Mitambo ya zamani hubadilishwa na data zake hufutwa, na kila mwaka unaopita ushahidi huo unapungua. Pale kwetu wanazungumza habari ya kuhamia mfumo mpya kabla ya mwaka huu kwisha.

Wizara ikiunda kamati ya kuyaangalia haya, naomba asikosekane angalau mhadhiri mmoja wa muda, naye alipwe nauli na posho siku hiyohiyo.

Wako katika kazi,

Mhadhiri wa elimu na mratibu wa mazoezi ya kufundisha,
Mombasa.

Nakala kwa:
Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu
Kamati ya Elimu, Bunge la Taifa
Chama cha wahadhiri, UASU